Shafti ya Kisima na Salamu za Kalunde

Nyinyi vijana mnaopita hapa barazani kwangu na rula mfukoni, kaeni kidogo. Mnaniita mzee, nami naitika kwa sababu nimestaafu, lakini mzee sijawa. Mvi zangu bado zinahesabika, na mkono huu unafungua nati ambayo wawili wenu mkishirikiana mtaishia kuilaani. Shule nilisoma mpaka darasa la tatu, tena hilo la tatu nililisomea dirishani zaidi kuliko dawatini. Mengine yote nilijisomesha mwenyewe. Kati ya Tabora na Manyoni hakuna pampu niliyoikuta imelala nikaiacha imelala. Atakayebisha aje na spana yake.

Leo nataka kuwaambia habari ya chuma kujisokota. Najua mwalimu wenu amewaandikia ubaoni, mkanakili, mkafunga daftari, mkaenda kucheza mpira. Mimi nitawaambia jinsi kilivyo mkononi.

Shika muwa mrefu, mwenzako abane ncha ya pili. Zungusha ncha yako. Mkono wako utakuwa umekwisha kugeuka na mwenzako bado anakuuliza kama umeanza. Shafti ni hivyo hivyo. Ukiitazama inavyong'aa, nzito, imenyooka, utaapa kwamba juu ikigeuka na chini imegeuka papo hapo. Sivyo. Juu inatangulia, chini inafuata, na katikati chuma kimejisokota kama kanga anayoikamua mama yako, ila kidogo, na ukikiachia kinajirudi chenyewe. Hicho kidogo ndicho kazi yetu. Fundi asiyejua hicho kidogo ni kiasi gani anabahatisha tu, na visima havipendi mtu wa kubahatisha.

Aliyenifundisha kukihesabu ni Mwinshehe.

Mwinshehe alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani aliyeletwa Tabora na reli akiwa kijana. Akaoa huku, akapata wajukuu huku, na mpaka mwisho alikuwa akilalamika kwamba samaki wa Tabora wanafika wamekauka kama soli ya kiatu. Mimi ni Mnyamwezi. Kama hamjui, basi jueni: Wazaramo na sisi ni watani, tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kupandisha nguo na shanga. Mtani anaruhusiwa kukwambia lolote, popote, hata msibani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Kwa hiyo miaka yote niliyofanya kazi chini ya Mwinshehe sikumbuki kama aliwahi kuniita kwa jina nililopewa na wazazi wangu.

"Wewe mpagazi," ananiita karakana nzima ikisikia, "niletee jiliwa."

"Jiliwa limefungwa kwenye meza, mzee. Nilibebe na meza yake?"

"Si ndiyo kazi ya ukoo wenu? Libebe!"

Siku aliyonifundisha msokoto, alibana ncha moja ya fimbo ya chuma kwenye jiliwa hilo hilo. Fimbo ya mita moja, unene wa milimita ishirini, aina ile ile tuliyokuwa tukiishusha visimani. Ncha ya pili akaiegemeza kwenye beringi ili iweze kugeuka bila kupinda. Hapo akafunga ubao wa mita moja, ukatokeza pembeni kama mkono ulionyooshwa, na mwisho wa ubao akaning'iniza ndoo tupu. Nyuma ya ncha ya ubao akasimamisha bati lililopakwa chokaa, akachora mstari ubao ulipotulia. Kisha akaniambia nimimine maji, lita moja moja, mpaka zikafika nne.

Ncha ya ubao ikashuka upana wa vidole viwili.

"Umeona nini?" akauliza.

"Ubao umepinda."

"Kilichopinda ni kichwa chako. Pima na uzi."

Nikavuta uzi juu ya ubao. Ubao ulikuwa umenyooka kama ulivyozaliwa. Fimbo ndiyo iliyojisokota, chuma kile ambacho ungempiga nacho nyati akaanguka, kwa maji ya ndoo tu!

"Basi hiyo ni mita moja," akasema. "Kisima cha mita hamsini kinameza fimbo ngapi kama hiyo?"

"Hamsini."

"Kila moja inajisokota vidole viwili. Jumla?"

"Vidole mia."

"Sasa nionyeshe vidole mia ni nini."

Nikapima kwa uzi, sentimita tatu na ushei mara hamsini, nikapata mita moja na nusu na kipande. Mwinshehe akachukua ule ubao wa mita moja, akaushika ncha moja pale sakafuni, akauzungusha na chaki mpaka akapata duara kubwa. Akaniambia nilaze uzi wangu juu ya mstari wa duara. Nikaulaza. Ukafika robo ya duara, karibu sawasawa kabisa.

"Robo mzunguko," akasema. "Zile lita nne ni sawa na mzigo wa pampu zetu. Pampu ikifanya kazi, juu ya shafti imeitangulia chini kwa robo mzunguko. Na ukizima, robo hiyo inarudi. Usisahau hilo la kurudi. Wengi wanahesabu kwenda tu."

Hesabu yote imo humo, wanangu. Ongeza maji kwenye ndoo mara mbili, msokoto nao mara mbili. Refusha shafti mara mbili, vivyo hivyo. Badilisha chuma uweke shaba ya unene ule ule, itajisokota karibu mara mbili, maana shaba ni laini. Lakini unene ndio mfalme. Ukiongeza unene mara mbili, msokoto haupungui kwa nusu wala kwa robo. Unagawanywa kwa kumi na sita! Mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu chuma cha pembeni, kilicho mbali na kitovu, ndicho kinachovuta kazi. Cha katikati kinasindikiza tu. Ndiyo maana shafti ya lori, ile ndefu inayokwenda nyuma, ni bomba, haina kitu ndani, na inabeba.

Wenzangu walilala nayo mwezi mzima hiyo ya kumi na sita. Mimi niliishika siku ile ile kabla maji ya ndoo hayajamwagwa. Sijisifu, nawaambia ilivyokuwa.

Sasa sikilizeni ilivyonifaa.

Ilikuwa miaka ile watu walipohamia vijiji vya ujamaa. Kuna kijiji kimoja ndani huko, unashuka treni Tura halafu unatafuta usafiri wa kubahatisha. Nchi kavu ile. Kabla ya kisima kuchimbwa, wanawake walikuwa wakichota kwenye lambo moja na ng'ombe, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kisima kikachimbwa, mita hamsini, injini ya dizeli ikawekwa juu, mkanda, puli kubwa nzito, na shafti ikashuka ndani ya bomba mpaka kwenye pampu chini. Maji yalipotoka, watu walicheza mpaka pakawa tope.

Halafu shafti ikafunguka. Fimbo zile zinaungwa kwa skrubu, moja juu ya nyingine, na mahali fulani chini kule kiungo kikaachia. Tukaenda na Mwinshehe, tukafunga miti mitatu na mnyororo, wanaume wa kijiji wakavuta siku nzima, tukatengeneza. Baada ya muda ikafunguka tena. Tukarudi. Ilipofunguka mara ya tatu, ofisi ya maji ikatoa kauli: itengenezwe mara hii, ikiharibika tena, injini na pampu ving'olewe vipelekwe kijiji kingine chenye watu wanaojua kutunza.

Mwenye kuitunza alikuwa Kalunde.

Kalunde alikuwa mkamwana, binti wa upande wa Ziba aliyeolewa pale. Mumewe alikuwa kwenye genge la reli, anakuja kwa msimu. Kijiji kilimchagua kuendesha pampu kwa sababu alimaliza darasa la saba, anasoma kipimo cha mafuta, na ana mkono wa kupiga hendeli ile injini ikawaka mara moja, kitu ambacho wanaume watatu pale walikuwa wameshindwa. Kufikia safari yetu ya tatu, maneno yalikuwa yamemzunguka. Eti mkono wake mzito. Eti pampu ilikuwa nzima kabla hajaja. Pampu yenyewe ilikuja baada yake, lakini maneno ya watu hayaangalii kalenda. Mwenyekiti wa kijiji alinivuta pembeni, akaniambia waziwazi: "Fundi, pampu ikiondoka na huyu ataondoka. Mashangazi wa mumewe wamekwisha kumpangia nauli ya kurudi Ziba. Anayewazuia ni baba mkwe wake tu, Mzee Maganga, na yeye ni mmoja."

Nilipomfikia kwenye kibanda cha pampu siku ile ya kwanza kabisa, miezi kadhaa nyuma, injini ilikuwa ikinguruma, anajaribu kama maji yatapanda. Aliponiona akaizima, akapiga magoti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Nikajisikia mtu. Nikamwambia Mwinshehe, huyu amelelewa. Na kila nilipoingia kibandani, hata tulipokwisha kutengeneza, alifanya hivyo hivyo, na kila mara nilivimba kifua. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Safari ile ya tatu tulipoitoa shafti tukaiona: kiungo karibu na chini, meno ya skrubu yameliwa kama mhindi uliopita mdomoni mwa kima. Chuma chenyewe kizima. Nikakaa chini, nikapiga hesabu yangu. Nguvu ya injini naijua, urefu naujua, unene naujua. Robo mzunguko, ile ile. Chuma hicho kinaweza kubeba zaidi ya hapo mara kadhaa bila kulalamika. Na skrubu zile zimekatwa kwa upande ambao shafti ikizunguka zinajikaza. Kitu kinachojikaza kinafungukaje?

"Unazima mara ngapi kwa siku?" nikamuuliza Kalunde.

"Mara moja, fundi. Jioni."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu. Mlivyonielekeza."

Alinitazama machoni akisema hivyo, na hakuwa mtu wa kudanganya. Nikachoka. Mwinshehe akajifuta mikono kwa kile kitambaa chake kichafu, akaniambia, "Mpagazi, umehesabu kwenda. Kurudi umehesabu?"

"Kurudi ni robo mara moja, jioni. Haiwezi kula skrubu."

"Basi kaa uangalie. Chuma hakina sababu ya kutuonea."

Tukafunga kiungo kipya, tukaishusha shafti, na kesho yake asubuhi nikachora mstari wa chaki kwenye puli, nikakaa juu ya pipa la dizeli. Kalunde akapiga hendeli, injini ikawaka, maji yakapanda. Kila kitu vizuri. Mara akapita shangazi mmoja na ndoo yake. Kalunde akavuta wenzo wa mafuta, injini ikafa ghafla, akaenda kupiga magoti na kupiga makofi taratibu, akimwamkia kama mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Ikafuata habari ya usingizi, ya ng'ombe, ya mtoto mwenye kikohozi. Mnazijua salamu za kwetu, hazina haraka. Shangazi akaondoka, Kalunde akapiga hendeli tena. Mimi bado nasema moyoni, amelelewa binti huyu.

Haukupita muda akaja Mzee Maganga mwenyewe, na fimbo yake, amevaa koti hata katika joto lile. Kalunde akavuta wenzo. Lakini safari hii macho yangu yalikuwa kwenye chaki. Puli ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma. Ikarudi robo. Na kwa kuwa puli ile ni nzito, haikusimama kwenye robo, ikapitiliza, na ndani ya bomba, chini kabisa, nikasikia kitu kinalia *kli*, kama jino.

Nikashuka kwenye pipa.

Nikasubiri mpaka mzee alipokwisha kusalimiwa. Kalunde alikuwa amemwinamia sikioni, maana Mzee Maganga alikuwa hasikii vizuri, akimuuliza amelalaje, goti limelalaje, na mzee akijibu kwa sauti kubwa kama anahutubia mkutano. Alipoondoka nikamwita.

"Kalunde, si uliniambia unazima mara moja?"

"Ndiyo, fundi."

"Na hii ya sasa hivi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Hii sijazima, fundi. Nimesalimia."

Mwinshehe akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, maana nilikumbuka ni mara ngapi aliizima kwa ajili yangu, nami nikavimba kifua.

Akatueleza. Siku zake za mwanzo alikuwa akisalimia injini ikinguruma. Shangazi mmoja hakumsikia, akaenda kutangaza kijiji kizima kwamba mkamwana wa Maganga hasalimii, amesoma sana. Mzee naye hata ukipiga kelele hasikii kukiwa na mngurumo. Toka hapo, akipita mkubwa yeyote wa ukoo wa mumewe, au mgeni wa heshima, anaizima. Na ukoo ule, wanangu, ulikuwa nusu ya kijiji. Kila kuzima, shafti inajirudi na kukifungua kiungo kiduchu. Kila kuwasha, inakibamiza kukikaza. Fungua, bamiza, fungua, bamiza, kutwa. Heshima ndiyo iliyokuwa ikiyala meno ya skrubu.

Sasa niambieni nyinyi wasomi, ungefanyaje? Kumwambia Kalunde asisalimie wakwe zake ilikuwa kumfungia mizigo kwa mkono wangu mwenyewe, angefika Ziba kabla ya pampu. Kunenepesha shafti isijisokote sana? Bomba lisingeipokea. Na kumwambia Mzee Maganga ilikuwa ngumu kuliko vyote. Yeye ndiye aliyekuwa akija mara nyingi. Asubuhi amesahau kitu, mchana anatafuta moto wa kiko, alasiri anapita tu. Na yeye ndiye peke yake aliyekuwa akisimama katikati ya mashangazi na kusema: huyu haondoki. Nani aende amwambie, mzee, anayemfukuza mkamwana wako ni wewe? Mimi ni mtoto wake kwa umri, tena Mnyamwezi mwenzake. Ulimi ulikataa.

Mwinshehe akavaa kofia yake. "Hii si kazi ya spana," akasema. "Kazi ya mtani hii. Nifuate, ubebe kigoda changu."

Tukamkuta mzee uani kwake, jua limeanza kulegea, dada zake wawili wanapepeta mtama. Mwinshehe hata hodi hakupiga.

"Maganga! Mnyamwezi usiyesikia! Nimemkamata anayevunja pampu!"

Mzee akaweka kiganja sikioni. "Nani?"

"Wewe!"

Ungo ukasimama. Mzee akamtazama juu mpaka chini. "Mzaramo, umelewa tembo la mnazi?"

"Huku mnazi uko wapi, nchi ya miba hii? Nimekunywa maji ya mkamwana wako. Na ya mwezi ujao hayatakuwepo, kwa sababu yako."

"Kaa chini, mla nazi, useme kama mtu."

Akakaa kwenye kigoda nilichombebea, akamsogelea sikio. "Babu zako walikuwa wakibeba mizigo yetu."

"Mizigo yenu? Pembe zilikuwa zetu! Nyinyi mlikuwa mkingoja kivulini, mnapiga ngoma."

"Haya, mwana wa wapagazi, nieleze wewe mjuzi. Msafara unaondoka kambini. Wa mbele, kirangozi, ameanza kutembea. Wa mwisho kabisa yuko wapi?"

Mzee hakufikiri. "Wa mwisho bado amekaa. Anafunga mzigo. Baba alikuwa akisema, mbele wamekwisha kutoka jasho, nyuma bado wanapiga miayo."

"Na kirangozi akisimama ghafla?"

"Wa nyuma wanamgonga. Baba alikuwa na kovu hapa," akajigusa kisogo, "pembe ya mwenzake ilimchoma, kwa sababu mpumbavu mmoja huko mbele alisimama kumsalimu shemeji yake."

Mwinshehe akasema, safari hii bila kelele, karibu kabisa na sikio lake, "Shafti ya kisima ni msafara, Maganga. Mita hamsini. Juu inatembea, chini inafunga mzigo. Kirangozi ni Kalunde. Na kila ukipita wewe, anausimamisha ghafla akupigie magoti. Viungo vinagongana. Ndivyo vinavyovunjika."

Mzee akawatazama dada zake, nao wakatazama mtama.

"Hawa pia?" akauliza.

"Hawa pia. Lakini wewe zaidi."

Mzee akavua kofia yake, akaiweka gotini. "Nilikuwa nakwenda anisalimie," akasema. Sauti yake kubwa ile ilikuwa imekwisha. "Tangu mama watoto afe, hapa nyumbani watu wananipitia. Yeye anasimama."

Miaka yote niliyomjua Mwinshehe, sikuwahi kumwona akikosa tusi. Siku ile alikosa. Aliweka mkono wake wa grisi juu ya goti la mtani wake, wakakaa hivyo, na mimi nikajifanya naangalia kuku.

Mwisho mzee akavaa kofia. "Baba alituambia, mwenye mzigo kichwani hasimamishwi. Ukikutana naye njiani unainua kiganja, naye anainua chake, na salamu zinangoja kambini. Tulilijua hilo sote." Akawageukia dada zake. "Mmenisikia? Mkamwana wangu akiwa na injini yake amebeba mzigo. Atakayemsimamisha, aje anieleze mimi."

Kesho yake nilikuwa kwenye pipa langu. Mzee akatokea njiani, koti lake, fimbo yake. Mkono wa Kalunde ukaenda kwenye wenzo. Mzee, bado mbali, akainua kiganja juu kabisa. Hakupunguza mwendo. Kalunde akanitazama mimi, akamtazama yeye, akiwa na woga wa mtu anayetaka kutukana mkwe. Kisha polepole akainua kiganja chake. Injini ikaendelea. Mstari wa chaki ukaendelea kuzunguka mpaka usiuone. Nyuma ya mzee, shangazi yule wa "amesoma sana" alikuwa na ndoo kichwani. Angefanya nini, kaka yake amepita? Akainua cha kwake, uso umekunjwa kama amelamba ndimu.

Jioni nilimfundisha Kalunde kuzima kifundi. Usikate mafuta ghafla. Punguza, ngoja, punguza, sikiliza injini inavyochoka. Sogeza mkanda kwenye puli huru, ile inayozunguka bila kuvuta shafti, weka kiganja juu ya puli kubwa, iache shafti ijirudi mkononi mwako, isipitilize. Utaihisi: robo, laini, imekwisha. Akafanya. Hakukuwa na *kli*. Na nje ya kibanda wazee walikuwa wamekwisha kaa juu ya magogo, wanangoja. Akatoka, akampigia magoti mmoja mmoja. Mzee Maganga aliomba awe wa mwisho, ili asiharakishwe. Katika kijiji kile mpaka leo mahali hapo panaitwa Kambini.

Shafti haikufunguka tena. Ofisi haikuja kung'oa kitu, na nauli ya Ziba sikusikia ikitajwa. Kila nilipopita huko kutia grisi, nilimfundisha Kalunde hesabu ya msokoto, na sitaki kusema kwamba alinizidi kwenye kuzidisha, kwa sababu kwenye spana nilimzidi mimi.

Mzee Maganga alifariki miaka kadhaa baadaye. Treni ilitufikisha Tura asubuhi, mimi na Mwinshehe, ambaye tayari alikuwa akitembea kwa mkongojo. Kama mtani, msibani alikuwa na kazi. Alisimama mlangoni akapaza sauti: "Maganga! Sasa unanisikia?" Waliokuwa wakilia wakacheka, waliokuwa wakicheka wakalia.

Mimi nilitangulia kwenye kibanda. Injini ilikuwa ikifanya kazi, maji ya watu wote wale yalihitajika, na Kalunde alikuwa hapo, macho mekundu, amebeba mzigo wake. Njia ya makaburini inapita pale. Jeneza likaja mabegani mwa vijana, wanakwenda mbio kidogo kama desturi. Kalunde akainua kiganja.

Mwinshehe akaruka mbele na mkongojo wake, akazuia njia.

"Simameni."

"Mzee, mwenye mzigo hasimamishwi," kijana mmoja akasema.

"Najua. Mimi ni mtani wake, nasimamisha ninachotaka. Hapa yeye hapiti bila kusalimiwa."

Wakasimama. Mtani hakataliwi. Kalunde akanitazama, nikaitika kwa kichwa. Akapunguza mafuta, akangoja, akapunguza. Injini ikachoka, ikanyamaza, na kukawa kimya hata ukasikia maji yakidondoka kwenye birika. Akasogeza mkanda. Kisha akaniachia mimi puli, akatoka nje, wakamshushia jeneza chini kidogo, akapiga magoti, akainama mahali ambapo sikio lingekuwa.

"Mwangaluka, baba. Umelalaje?"

Kiganja changu kilikuwa juu ya puli. Shafti ikajirudi, robo, polepole, ikatulia.